Fonti za Serifi zenye Mkono wa Kalamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa hujirudia kila mtu anapokutana kwa mara ya kwanza na fonti ya mapambo yenye serifi: ile ambayo kwenye sampuli inametameta, kisha ukiiandikia maneno yako inakugomea. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka hadi panapokuhusu. Utaona wazo moja likirudi humu mara kwa mara: fonti ya namna hii ipime kwa maneno utakayoyaandika wewe, usiipime kwa maneno aliyoyachagua mchoraji wake.

## Misingi

Fonti ya serifi ya kikaligrafia ni ipi hasa?

Serifi ni vile vijiguu vidogo vinavyomalizia mistari ya herufi. Fungua kitabu chochote cha riwaya uangalie chini ya herufi n au m, utaviona. Kaligrafia ni sanaa ya mwandiko mzuri. Ukiviweka pamoja unapata herufi zinazosimama moja moja kama za kitabuni, ila unene na wembamba wa mistari yake, na namna vijiguu vinavyochipuka, vinakuonyesha kwamba nyuma yake palikuwa na mkono ulioshika kalamu ya nibu bapa (yenye ncha pana iliyokatwa bapa).

Mapambo ni hatua ya ziada juu ya hapo: mikia mirefu, vitanzi, herufi mbili zilizofumwa kuwa moja, na maumbo mawili matatu ya herufi ile ile ili uchague. Hayo yote yametengenezwa kwa ajili ya vichwa, majalada, mabango, vyeti, mialiko na nembo. Ndiyo maana humu zinaitwa fonti za vichwa, kuzitofautisha na fonti za aya.

Inatofautianaje na fonti ya mwandiko wa kuunganisha?

Fonti ya mwandiko wa kuunganisha hufuata mtu asiyenyanyua kalamu: herufi zimeshikana mikono. Za serifi hazishikani. Mfano rahisi ni kazi mbili za mtu mmoja, Mjerumani Hermann Zapf. Zapfino, iliyotoka mwaka 1998, ni mwandiko mtupu. Palatino, aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambayo imebeba jina la Giambattista Palatino, bingwa wa mwandiko wa Italia katika karne ya 16, ni fonti ya serifi kamili. Lakini ukiikuza kwenye skrini unaiona nibu ikipita.

Unene na wembamba wa mistari unatoka wapi?

Unatoka kwenye pembe ya nibu. Mwandishi hashindilii kalamu pale anapotaka mstari mnene. Anashika nibu bapa kwa pembe isiyobadilika, tuseme nyuzi 30 hivi kutoka kwenye mstari wa kuandikia, na upande anaoelekea mkono ndio unaoamua unene. Mstari unaoshuka unatoka mnene, na unaopanda ukielekea kulia unatoka mwembamba kama uzi.

Jaribu nyumbani. Funga penseli mbili kwa mpira, ncha zikiwa sawa, uzishike kwa mshazari huo huo bila kuzizungusha, kisha andika o kubwa. Utapata mistari miwili inayokaribiana hadi kugusana mahali pawili: juu upande wa kushoto, na chini upande wa kulia. Hapo ndipo penye wembamba. Kwa sababu hiyo o ya kalamu haisimami wima kama yai. Inaegemea nyuma kidogo. Ikumbuke hiyo o, tutaihitaji kwenye swali la kutambua fonti iliyochorwa vizuri.

Serifi zenyewe zilianza vipi?

Herufi kubwa tunazotumia leo zilikomaa kwenye maandishi ya mawe ya Warumi. Yanayotajwa zaidi ni yale ya chini ya Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113. Kwa muda mrefu watu walidhani vijiguu vililetwa na patasi. Mwaka 1968 Edward Catich, padri aliyekuwa pia mchoraji wa mabango, alitoa kitabu akieleza kwamba herufi zile zilipakwa kwanza kwa brashi bapa, kisha mchongaji akafuata rangi. Maelezo yake ndiyo yenye nguvu hadi leo, na mimi yananiridhisha: mtu yeyote aliyewahi kumalizia mstari kwa brashi bapa anajua jinsi kijiguu kinavyojitokeza chenyewe. Mwaka 1989 Carol Twombly aliyageuza maandishi ya nguzo hiyo kuwa fonti, akaiita Trajan.

Herufi ndogo zina asili nyingine: mwandiko wa wasomi wa Italia wa karne ya 15, ambao mchapaji Nicolas Jenson aliutia kwenye herufi za risasi (madini) za uchapaji huko Venice mwaka 1470. Herufi za mlazo (italiki) nazo zilifuata mwandiko wa haraka wa ofisini. Francesco Griffo alizichonga kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius, na zikaingia kitabuni mwaka 1501.

## Kuchagua

Nitajuaje kama fonti imechorwa kwa utulivu au kwa pupa?

Anza na ile o. Kama wembamba wake umekaa juu kabisa na chini kabisa, wakati e na c za fonti hiyo hiyo zimeegemea nyuma, mchoraji hakuwa na kalamu moja kichwani. Halafu tazama n, h, m na u: upinde unapotoka kwenye mguu, unachipuka kwa namna moja katika zote? Fonti ya pupa huwa na h nzuri na m iliyobandikwa.

Baada ya hapo nenda kwenye mikia. Mkia mzuri unanenepa na kukonda kadiri unavyogeuka, kama ungeandikwa kwa nibu ile ile. Mkia mbaya una unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama waya uliochomelewa kwenye herufi. Fonti nyingi za mapambo zinazogawiwa ovyo huanguka hapa.

Mwisho, andika tarakimu zote kumi, mabano, alama ya kuuliza na alama ya mkato wa juu. Mchoraji aliyechoka huchokea huko.

Je, zipo za bure zinazoaminika?

Zipo. Cormorant ya Christian Thalmann, iliyochota roho yake kutoka kazi za mchonga herufi Mfaransa Claude Garamont wa karne ya 16, imechorwa mahsusi kwa ukubwa wa vichwa na ina ndugu kadhaa, mmojawapo, Cormorant Upright, akiwa na mwendo wa kalamu unaoonekana waziwazi. Cinzel ya Natanael Gama inafuata mawe ya Warumi, na nduguye Cinzel Decorative ameongezewa madoido. Zote zina leseni huria (tazama sehemu ya leseni). Angalizo la Cinzel: haina herufi ndogo za kawaida, ina herufi kubwa za kimo kikubwa na za kimo kifupi tu.

Kwa nini sampuli inapendeza kuliko maneno yangu?

Kwa sababu sampuli ni maonyesho ya mavazi. Mchoraji amechagua maneno yenye herufi anazojivunia, akaweka kila mkia kwa mkono wake. Wewe unaandika maneno uliyonayo. Tena herufi zinazojivuniwa katika fonti hizi mara nyingi ni Q yenye mkia wa kupita chini ya neno zima, R yenye mguu wa kuruka, na alama ya &, ambayo ni neno la Kilatini *et* lililoviringwa. Mwandishi wa Kiswahili hana kazi na Q, na & anaiandika mara chache, kwani "na" ina herufi mbili tu. Linalofuata ndilo jambo la kutazama.

## Kiswahili ndani ya fonti hizi

Je, Kiswahili kinahitaji fonti maalumu?

Kwa idadi ya herufi, hapana. Hatuna alama juu wala chini ya herufi, Q na X hatuzitumii, na C haitembei bila H. Fonti yoyote ya herufi za Kilatini inatutosha.

Kwa mapambo, jibu ni jingine. Fonti nyingi za namna hii zimechorwa na watu ambao maneno yao huishia kwa konsonanti: mikia ya mwishoni imewekwa kwenye d, n, r na t. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza fonti ni hili: una a ya mwishoni? Kama ina a yenye mkia wa kumalizia, na ikiwezekana i, o na u, itakutumikia. Kama haina, mikia yake mingi utaiacha ndani ya faili.

Mwanzoni mwa neno, tazama K, M, N na W. Hizo ndizo zinazofungua vichwa vyetu: Karibu, Kumbukumbu, Mwaliko, Ndoa, Wapendwa. M na W ni herufi pana kuliko zote. Zikiongezwa kitanzi upande wa kushoto zinameza nusu ya mstari. K ndiyo kipimo changu. K yenye mguu unaoteleza chini ya u inayofuata, bila kuigusa, inatosha kunishawishi nilipie fonti.

Herufi zilizofumwa pamoja nazo zina mgawanyo wake. Vifumo vya ct na st, ambavyo wauzaji hupenda kuvionyesha, havina kazi kubwa kwetu: ct hatuna, na st hukaa kwenye maneno ya mkopo kama mstari na stesheni. Tunachokihitaji ni fi (rafiki, safi, fika) na, kikiwepo, th.

Irabu zinazofuatana na silabi zinazojirudia nizifanyeje?

Chukua neno "Kumbukumbu". Lina u nne, m mbili, b mbili. Kwenye fonti ya aya hakuna anayegundua. Kwenye fonti ya mapambo, kama kila b imenyanyua kitanzi kile kile kwa kimo kile kile, jicho linaona muhuri uliogongwa mara mbili, na hisia ya mkono wa mtu inakufa papo hapo.

Fonti iliyofikiriwa vizuri ina maumbo mbadala yanayojibadilisha yenyewe kulingana na majirani: b ya kwanza inapata kitanzi, ya pili inakaa kimya. Kama yako haina, fanya kwa mkono. Acha K na u ya mwisho zibebe mapambo, katikati pote paache wazi. Hivyo hivyo kwa "saa", "kuu" na "maarufu": irabu mbili zinazofuatana zisipewe pambo zote mbili.

Ng' inaharibika. Nifanye nini?

Hili limenigharimu. Niliwahi kutengeneza vyeti ambamo jina moja lilianza na Ng'. Kwenye skrini, ukurasa ukiwa umefinywa utoshe, sikuona kitu. Vilipotoka mashine ya kuchapa, sikio la g (kile kijipembe kinachochomoza juu kulia kwa g yenye matumbo mawili) kilikuwa kimegusana na alama ya mkato, vimekuwa doa moja la wino. Jina la mtu likasomeka kama lina kidonda. Nilivichapa upya kwa gharama yangu.

Kwa hiyo: kwanza hakikisha alama ni ile iliyopinda (’) na siyo kijiti kilichonyooka cha kwenye kibodi. Pili, kuza hadi asilimia 400 uangalie nafasi kati ya g na alama. Ikigusana, ongeza nafasi ya jozi hiyo tu, au tumia g mbadala ya tumbo moja kama fonti inayo. Tatu, jaribu pia kwa herufi kubwa, NG’, kwa sababu G kubwa ina tatizo lake: alama huelea juu mno, mbali na mwenzake, na hapo nafasi inahitaji kupunguzwa.

## Kutumia

Naweza kuandikia aya nzima?

Hapana. Maneno matatu hadi saba kwenye kichwa, jina la mtu kwenye cheti, herufi moja kubwa mwanzoni mwa sura. Ukizidisha, msomaji anaacha kusoma anaanza kutazama, na akichoka kutazama anaondoka.

Nitumie ukubwa gani?

Ukubwa wa chini kabisa unaamuliwa na mstari mwembamba kuliko yote kwenye fonti. Hesabu yake ni nyepesi. Fonti nyingi huchorwa ndani ya kimo cha vizio 1,000. Tuseme uzi mwembamba wa e una vizio 20. Ukiandika kwa pointi 12, uzi huo unapata pointi 0.24, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiandika kwa pointi 48 unapata pointi 0.96, yaani kama theluthi ya milimita, na hapo unaonekana kama uzi kweli.

Kwenye skrini ni hivyo hivyo. Kwa pikseli 16, uzi wa vizio 20 una upana wa pikseli 0.32. Skrini haina theluthi ya pikseli, kwa hiyo inapaka kijivu hafifu, na e yako inageuka c yenye ukungu. Mimi sishuki chini ya pointi 24 kwenye karatasi wala pikseli 32 kwenye skrini, na hata hapo naangalia kwanza.

Fonti nyingine huja na matoleo ya ukubwa tofauti, moja la vichwa lenye nyuzi nyembamba na moja la maandishi madogo lenye nyuzi zilizonenepeshwa. Tangu OpenType toleo la 1.8 la mwaka 2016, matoleo hayo yanaweza kukaa ndani ya faili moja na kubadilika polepole kadiri ukubwa unavyobadilika. Ukiikuta fonti ya namna hiyo, itumie.

Naweza kuandika neno zima kwa herufi kubwa zenye mikia?

Usifanye. Herufi kubwa ya mapambo imechorwa ili itangulie herufi ndogo, kama bwana harusi anavyotangulia wasindikizaji. Ukizipanga sita mfululizo kila moja inataka kutangulia, na neno halisomeki. Ukihitaji neno zima kwa herufi kubwa, zima mikia yote, tumia maumbo ya kawaida, na ongeza nafasi kidogo kati ya herufi.

Mikia mingapi kwa mstari mmoja?

Mmoja. Miwili kama mmoja uko mwanzo na mwingine mwisho, na neno ni refu. Kabla ya kuongeza wa tatu, tazama mstari ulio juu na ulio chini: mkia unaoshuka kutoka mstari wa kwanza ukikutana na kitanzi kinachopanda kutoka wa pili, utapata fundo ambalo hakuna nafasi ya mistari itakayolifungua bila kuvuruga ukurasa.

Niioanishe na fonti gani?

Na iliyo kimya. Serifi ya aya yenye asili ile ile ya kalamu hukaa vizuri chini yake. Fonti isiyo na serifi pia hufaa, mradi o yake isiwe duara la bikari. Usiweke fonti mbili za mapambo kwenye ukurasa mmoja.

Tarakimu zangu zinapanda na kushuka. Ni kosa?

Si kosa. Hizo ni tarakimu za mtindo wa zamani, ambazo 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka chini ya mstari, na 6 na 8 hupanda. Kwenye tarehe iliyo ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye kichwa cha herufi kubwa zinaonekana kama zimeteleza; washa tarakimu za kimo kimoja kwenye programu yako, kama fonti inazo.

## Kompyuta na tovuti

Nimesakinisha fonti lakini mikia siioni. Iko wapi?

Imelala ndani ya faili ikisubiri kuamshwa. OpenType, mfumo uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, unaruhusu fonti kubeba maumbo mengi ya herufi moja na kuyapanga katika makundi: mikia, mitindo mbadala, vifumo vya lazima na vya hiari, na mabadiliko yanayofuata majirani. Ni programu unayotumia ndiyo inayoamua kama utayafikia.

Programu za usanifu kama InDesign na Illustrator zina kidirisha kinachoonyesha kila umbo lililomo, unabofya unalolitaka. Inkscape, ambayo ni ya bure, ina kichupo cha vipengele vya fonti kwenye kidirisha cha maandishi. Microsoft Word inakupa vifumo, tarakimu na seti za mitindo kwenye mipangilio ya juu ya fonti, lakini kundi la mikia lenyewe halina kitufe humo. Wachoraji wengi wanalijua hilo na huirudia mikia kwenye seti za mitindo, kwa hiyo jaribu seti moja baada ya nyingine kabla ya kukata tamaa.

Na kwenye tovuti?

Tumia `font-feature-settings: "swsh" 1` kwa mikia, `"ss01" 1` na kuendelea hadi `"ss20"` kwa seti za mitindo, na `font-variant-ligatures: discretionary-ligatures` kwa vifumo vya hiari. Faili iwe ya WOFF2, yaani muundo wa faili za fonti uliobanwa kwa ajili ya tovuti. Amri hizo ziwekee kichwa pekee. Ukiziweka kwenye ukurasa mzima utaona mikia ikichomoza kwenye menyu.

Kuna mtego mmoja: ukiongeza nafasi kati ya herufi kwa `letter-spacing`, vivinjari huvunja vifumo vya hiari. Hiyo ni tabia iliyokusudiwa, si hitilafu.

Nikimtumia mwenzangu faili, anaona herufi nyingine kabisa. Kwa nini?

Hana fonti hiyo, kwa hiyo kompyuta yake imeweka nyingine. Mtumie PDF iliyopachikwa fonti, au geuza maandishi kuwa michoro ya vekta (mistari inayokuzwa bila kuharibika) kabla ya kutuma. Ukigeuza, hifadhi kwanza nakala yenye maandishi halisi, maana mchoro haurudi kuwa neno, na kosa la tahajia huonekana dakika tano baada ya kutuma.

Nikibonyeza kitufe cha herufi nzito inanenepa, lakini inachusha. Kulikoni?

Kama fonti haina toleo nzito, programu inajitengenezea: inavimbisha mistari yote kwa kiasi kile kile. Uzi unakuwa kamba, tumbo la e linaziba, na ule mchezo wa nibu unapotea. Mlazo wa bandia nao ni hivyo. Programu inasukuma herufi za wima zilale, ilhali mlazo wa kweli una a na e zilizoandikwa upya. Kwenye tovuti, `font-synthesis: none` huzuia yote mawili.

Baadhi ya fonti huniambia ninakili mikia kutoka kwenye jedwali na kuibandika. Ni salama?

Kwa bango la karatasi, ndiyo. Mikia hiyo imewekwa kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), ambapo kila mchoraji anajiwekea anachotaka. Maana yake ni kwamba kwa kompyuta, a yenye mkia uliyobandika si a tena. Ni alama isiyo na jina. Neno halitapatikana kwa utafutaji, programu inayomsomea asiyeona skrini haitalitamka, na ukibadilisha fonti utabaki na kisanduku kitupu. Kwenye tovuti na PDF zinazosomwa kwa kompyuta, tumia njia ya OpenType iliyoelezwa juu.

## Uchapaji

Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi yanaliwa. Nifanyeje?

Wino hutanuka kidogo kwenye karatasi. Mstari mweusi ukitanuka unanenepa. Mstari mweupe ukizungukwa na wino unaotanuka unamezwa. Chagua toleo nzito kidogo la fonti au ongeza ukubwa, na eneo jeusi lichapwe kwa rangi chache iwezekanavyo: rangi nne zikikosa kulingana hata kwa unywele mmoja, uzi mweupe unafunikwa.

Karatasi ipi inafaa?

Laini. Karatasi yenye mikwaruzo hupendeza mkononi lakini hukatakata nyuzi nyembamba.

Utofauti wa rangi uwe kiasi gani ili wenye macho hafifu wasome?

Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikiwe na wenye ulemavu, inataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani kuanzia pointi 18, au 14 kwa herufi nzito. Kichwa chako ni kikubwa, kwa hiyo kwa miongozo hiyo unaweza kujificha kwenye 3 kwa 1. Nashauri usijifiche. Kipimo kile hutazama rangi uliyochagua, hakitazami uzi ambao skrini imeupaka kijivu.

## Leseni

"Bure" maana yake nini?

Inategemea nani kasema. "Bure kwa matumizi binafsi" ni kwamba kadi ya mwanao sawa, bango la biashara hapana. Leseni huria ya shirika la SIL, inayojulikana kama OFL, inakuruhusu kutumia kwa biashara, kupachika, kubadilisha na kugawa. Haikuruhusu kuuza faili ya fonti peke yake. Ukiibadilisha na jina lake likiwa limehifadhiwa na mwenyewe, toleo lako ulipe jina jingine.

Nimenunua fonti. Naweza kuiweka kwenye tovuti na ndani ya programu ya simu?

Soma leseni uliyonunua. Wauzaji wengi hutenganisha leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu, na kuwa na moja hakukupi nyingine.

Naweza kukata mkia au kubadilisha herufi kwenye nembo?

Ukishageuza maandishi kuwa mchoro, wauzaji wengi wanaruhusu, na ndivyo nembo nzuri zinavyopatikana: unachukua K ya fonti, unafupisha mguu, unaondoa kitanzi. Kubadilisha faili yenyewe ya fonti ni suala jingine, na leseni nyingi za kulipia zinakataza.

Watu huuliza pia kama umbo la herufi lina hakimiliki. Sheria hutofautiana. Nchini Marekani umbo lenyewe halilindwi na hakimiliki, lakini faili ya fonti hulindwa kama programu ya kompyuta, na jina lake linaweza kuwa alama ya biashara. Kunakili faili ni kunakili faili, hata kama umbo ni la karne ya 16.

## Mambo ya pembeni

Nataka kuchora yangu mwenyewe. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi. Nibu bapa, wino, na mistari ya mwongozo: kwa mwandiko wa msingi, herufi ndogo huwa na kimo cha upana wa nibu nne, na kwa mlazo tano. Andika n, o, a, k kwa wiki kadhaa. Halafu skani zilizo bora na uzichore upya kwa vekta, ukiweka nukta chache iwezekanavyo, zile za ncha za mipindo zikae juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa. Usitumie kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta kiotomatiki. Kinakuletea nukta mia mahali pa nne, na kila mtetemo wa karatasi.

Mbona watu huandika wasifu wao mitandaoni kwa herufi za madaha bila kuweka fonti yoyote?

Hizo si fonti. Ni alama za hisabati zilizomo ndani ya Unicode, zilizowekwa humo ili wanahisabati waweze kutofautisha R ya kawaida na R ya mviringo. Tovuti za "kubadilisha fonti" hukubadilishia kila herufi kwa alama ya hisabati inayofanana nayo. Simu nyingine huonyesha visanduku vitupu, utafutaji hukosea jina lako, na programu ya kusoma skrini hulitaja herufi moja moja kwa majina ya kihisabati au hulipita kimya. Ukitaka jina lako lipambwe mahali ambapo huwezi kuweka fonti, liandike kwenye picha, na chini yake uliandike tena kwa herufi za kawaida.